Daftari la baba na treni ambayo haikuja

Baba alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la kazi, lenye safu zilizochapwa tayari. Alilijaza kwa Kiingereza, na safari ilipokwisha alilikabidhi ofisini. La pili lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua dukani Tororo, mashariki mwa Uganda, daftari la kawaida la mtoto wa shule lenye jalada la bluu, na humo aliandika kwa Kiswahili kwa penseli aliyoichonga kwa kisu. Hilo la pili ndilo ninalo mimi. Mpaka leo linanuka mafuta ya taa, kwa sababu alilitunza ndani ya sanduku moja na taa yake.

Alikuwa gadi wa treni ya abiria. Vijana wengi wa Uganda leo hawajui gadi ni nani, na siwalaumu, wangemwona wapi? Dereva yuko mbele kwenye kichwa cha treni, gadi yuko nyuma kabisa, na treni haiondoki mpaka gadi aipungie bendera ya kijani. Sanduku la baba lilikuwa la bati. Ndani yake mlikuwa na bendera mbili, taa yenye vioo vya rangi, filimbi, na fataki chache zilizofungwa kwa kitambaa ili zisiingie unyevu. Watoto tulizitamani sana zile fataki, naye hakuturuhusu hata kuzishika. Treni ikikwama katikati ya pori, gadi hushuka, hurudi nyuma kwa miguu akifuata reli, na huko mbali huzifunga juu ya chuma. Treni nyingine ikija nyuma, magurudumu yatazilipua na dereva atajua kwamba mbele kuna hatari. Baba aliifanya kazi hiyo usiku, mara nyingine kwenye mvua, na abiria wamelala ndani na watoto wao mapajani.

Nafungua ukurasa wowote ule wa daftari, naona mambo kama haya:

"Nagongera. Dakika 40. Kupishana na treni ya mizigo. Nimewaambia."

"Budumba. Dakika 15. Ng'ombe relini. Mwenyewe amekuja. Nimewaambia."

"Busembatia. Saa 2 na dakika 10. Kichwa kimezimika. Nimewaambia mara nne."

Ukurasa baada ya ukurasa ni hivyo hivyo: mahali, muda, sababu, halafu neno hilo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kitu ambacho magadi wote walilazimishwa kuandika. Mama ndiye aliyeniambia kuwa si hivyo. Daftari la ofisi lilitaka saa na sababu tu. "Nimewaambia" lilikuwa la baba.

Kuchelewa kwa treni zetu hakukuwa uchawi. Reli ya Uganda ni njia moja. Treni inayotoka Kampala na inayotoka Malaba, mpakani na Kenya, zinatumia chuma kile kile, kwa hiyo haziwezi kukutana popote ila stesheni, ambako kuna njia ya pili ya kupishania. Kipande cha katikati ya stesheni mbili hupewa treni moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kichwa kibovu Iganga kinamchelewesha mtu anayengoja Tororo, ambaye hana habari hata kidogo ya Iganga. Behewa moja la mizigo likiacha reli, nchi nzima ya mashariki inasimama. Abiria anachokiona ni kwamba treni haipo. Kilichotokea kiko kilomita nyingi mbele yake, na njia pekee ya yeye kukijua ni mtu aje amwambie.

Baba alitembea behewa kwa behewa na taa mkononi, akianzia daraja la tatu. Aliwaeleza kilichotokea, kisha akasema: "Nitarudi baada ya nusu saa, hata kama sina jipya." Na alirudi. Mama anasema hiyo nusu saa ya pili ndiyo iliyowatuliza watu kuliko ile ya kwanza, kwa maana waliona kumbe hawakusahauliwa. Nilisafiri naye mara chache likizo za shule, na nakumbuka mzee mmoja wa Busoga aliyekuwa amekasirika kweli kweli, anagombana na kila mtu. Baba aliporudi mara ya tatu kusema kwamba hana jipya, mzee yule alimsogezea ndizi gonja mbili kwenye kipande cha gazeti. "Kula, Bwana Gadi, wewe pia una njaa."

Alisema kwa Kiswahili kwanza. Ndani ya behewa moja kulikuwa na Waganda, Wasoga, Wajopadhola, Waiteso, Wasamia, na Wakenya waliokuwa wakirudi kwao. Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yao, na kwa sababu hiyo hakuna aliyejiona ametengwa. Katika kota za reli tulimozaliwa, Tororo, Jinja, Nsambya, watoto wote tulicheza kwa Kiswahili. Watu hushangaa mtu wa mashariki mwa Uganda akizungumza Kiswahili bila kukwama, wakadhani baba yake alikuwa mwanajeshi. Wengi wetu baba zetu walikuwa watu wa reli. Hata Kiganda na Kiswahili viliipokea treni kwa wazo moja: sisi twasema gari la moshi, Waganda wanasema *eggaali y'omukka*, ambayo ni hilo hilo gari la moshi.

Mama anatoka Changamwe, Mombasa. Aliletwa Uganda na reli, na husimulia kwa fahari kwamba alikuja na tiketi moja. Aliikata Mombasa, akabadilisha treni Nairobi, akaamka asubuhi ya pili anaona kijani cha nchi nyingine, na hakuna aliyemwuliza tiketi mpya. Shirika lilikuwa moja la Afrika Mashariki, na baba alikuwa mmoja wa vijana wake.

Jambo moja katika historia ya njia hii hunigusa kila nikilifikiria. Reli iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu Desemba 1901. Kisumu wakati huo ilihesabiwa upande wa Uganda. Mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa, na reli yenye jina letu ikabaki yote nje ya nchi yetu. Msafiri wa kuja huku alishuka Kisumu akapanda meli kuvuka ziwa. Reli ya kwanza kuwekwa kwenye ardhi ya Uganda hii ya leo ilikuwa ile fupi ya Jinja hadi Namasagali, 1912. Njia ya Tororo kwenda Soroti ilikamilika 1929. Kampala haikuunganishwa kwa reli moja kwa moja na pwani hadi 1931, daraja la Jinja lilipokamilika juu ya Mto Nile. Kasese ilifikiwa 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na Pakwach 1964. Kwa hiyo babu zetu walizoea safari inayobadilika: leo meli, kesho treni, keshokutwa stesheni imehamishwa. Kubadilika kwenyewe hakukuwaumiza sana. Walijulishwa, wakapanga safari zao upya.

Mwaka 1977 ulikuwa tofauti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likagawanywa vipande vitatu, kila nchi na chake. Vichwa vya treni na mabehewa vilibaki pale vilipokutwa. Baba alikuwa Nairobi. Wafanyakazi wengi wa kutoka Uganda walirudi nyumbani, naye akarudi, na mke wa Changamwe ambaye kuanzia siku hiyo alihitaji karatasi za mpakani ili kwenda kumwona mama yake mzazi. Hakuna siku ambayo mama amelizungumzia jambo hilo bila kunyamaza kidogo katikati. Hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa abiria wa njia fulani, na njia hiyo ilikatwa.

Treni ziliendelea kwa shida miaka ya themanini na tisini. Mabehewa yalichakaa, vipuri vilikosekana, na barabara ilianza kutengenezwa, basi likawa linafika Kampala asubuhi hiyo hiyo. Mizigo inalipa kuliko abiria, hilo kila mtu wa reli duniani analijua, na nchi isiyo na bahari itajali kontena zake kwanza. Sababu zote hizo nazielewa. Ningekuwa kwenye kiti cha uamuzi huenda hata mimi ningeshindwa kuiokoa treni ile. Kinachoniuma ni namna ilivyoondoka.

Nilikuwa na miaka 14. Ilikuwa 1997, mwaka ambao treni za abiria zilisimamishwa Uganda. Kama kawaida mama alifunga chakula cha baba kwenye bakuli la enameli lenye kifuniko, posho na samaki wa kukaanga, akalizungushia kitambaa, tukaenda stesheni ya Tororo kumpokea. Pale ukutani palikuwa na ubao mweusi. Safu zake zilipigwa rangi nyeupe za kudumu: treni, inakotoka, inakokwenda, saa, imechelewa. Katikati stesheni masta aliandika kwa chaki, na alikuwa na mwandiko mzuri sana, herufi zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Siku nyingi tulikuta safu ya mwisho imejazwa, saa 3, saa 5, wakati mwingine neno tu: "Mafuriko." Tulisoma, tukarudi nyumbani, tukaja tena kwa wakati.

Siku hiyo ubao ulikuwa umefutwa wote kwa kitambaa kibichi. Michirizi ya maji ilikuwa bado inakauka.

Watu walikuwepo zaidi ya mia. Wanawake wenye kuku, wanafunzi wenye masanduku ya bati, mgonjwa mmoja amelazwa kwenye mkeka na ndugu zake wakimpepea. Hakuna aliyetoka ofisini. Mlango ulikuwa umefungwa na ndani tulisikia simu ikilia na kuacha, ikilia na kuacha. Mama aliwauliza wapagazi, wakainua mabega. Jua lilipoanguka nyuma ya Jiwe la Tororo watu walianza kuondoka mmoja mmoja, bila kugombana, na hilo ndilo nililoliona la kutisha. Watu wa treni hugombana. Wale ndugu wa mgonjwa walikuwa wa mwisho kukunja mkeka wao. Sijui walimpeleka vipi.

Baba alifika siku mbili baadaye kwa lori la mizigo, sanduku lake la bati amelipakata. Yeye mwenyewe hakuambiwa. Aliripoti kazini Kampala kama siku zote, akakuta treni yake haikupangwa, akangoja, na hakuna aliyemweleza kama ni leo tu au ni milele. Waliofanya uamuzi siwataji, na wengi siwajui. Lakini daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una tarehe, na chini yake neno moja, "Kampala", na nukta. Hakuna dakika. Hakuna sababu. "Nimewaambia" haipo, kwa sababu hakuwa na la kuwaambia. Baada ya hapo ni karatasi tupu mpaka jalada.

Aliishi miaka mingi baadaye, alilima, alifuga nguruwe, alisomesha. Sikumsikia akilalamika kuhusu kiinua mgongo, ingawa alikuwa na haki. Alilalamika kuhusu ubao. "Chaki ilikuwepo," alisema. "Chaki haikuwahi kuisha pale stesheni."

Nagongera ilipoteza soko lake la mandazi na mayai ya kuchemsha. Njia ya Kasese ilinyamaza kabisa, ikafunikwa na nyasi, na sehemu nyingine vyuma vikaibwa. Mizigo iliendelea kupita upande wa mashariki, kwa hiyo usiku Tororo tulisikia honi. Mama aliamka kila aliposikia. Alizoea kuamka.

Ilichukua miaka 18 kwa abiria kupanda treni tena nchini, Desemba 2015, na ilikuwa treni fupi ya asubuhi na jioni, Kampala hadi Namanve. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Kireka, kando ya njia hiyo. Niliipanda wiki ya kwanza, nikasimama karibu na mlango, na sikuweza kuzungumza na mtu. Treni ile imesimama na kurudi zaidi ya mara moja: ilisimama 2020 wakati wa korona, ikasimama tena njia ilipokuwa ikikarabatiwa. Zote mbili ni sababu za haki. Reli ya zaidi ya miaka 80 inahitaji kufunguliwa na kutengenezwa, na huwezi kuitengeneza huku treni inapita juu yake.

Lakini acha nieleze asubuhi moja. Sitataja kituo wala siku. Saa 12 na nusu, bado kuna ukungu, tulikuwa watu kama 30 tunangoja. Miongoni mwetu alikuwepo bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga na tiketi ya zamani aliyoishika kama pesa, akidhani ataitumia tena. Treni haikuja. Baada ya karibu saa nzima, mwendesha boda boda aliyekuwa upande wa pili wa njia alizima pikipiki, akavuka reli, akamwendea bibi kwa adabu kabisa. "Jjajja, leo treni haipo. Na kesho haipo. Wanatengeneza huko mbele." Alijuaje? Rafiki yake anapaki karibu na walikokuwa mafundi. Yule kijana ndiye aliyekuwa gadi wetu asubuhi hiyo. Ningependa kumshukuru. Hakuomba abebe mtu, alitoa habari tu akarudi kwenye pikipiki yake.

Mwenye simu janja pengine alikuwa ameshaona tangazo mahali fulani. Bibi hakuwa nayo. Na ndiye aliyeihitaji treni kuliko sisi wote, kwa sababu nauli ya boda mpaka sokoni ingekula faida yote ya kikapu kile.

Nayaandika haya sasa kwa sababu mambo makubwa yanakuja. Oktoba 2024 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, itakayotumia umeme, na mwezi uliofuata kazi ilizinduliwa Tororo kwetu. Upana wa njia ni milimita 1,435, ile ya zamani ni 1,000. Nimesoma mengi kuhusu daraja, kuhusu kasi, kuhusu kontena. Kuhusu ubao sijasoma. Simaanishi chaki, zama zake zimepita. Namaanisha ni kazi ya nani, siku treni itakapokwama Iganga, kumfikia mtu aliyeketi Tororo, na atamfikia kwa lugha gani. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwenye Katiba tangu 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Reli itakayopokea watu kutoka Mombasa, Nakuru, Malaba na Kampala ndipo mahali pake, na kilikuwepo hapo kabla ya Katiba yoyote. Kiwekwe kwenye vipaza sauti. Kiwekwe kwenye ujumbe wa simu, zile simu ndogo za vitufe alizonazo hata bibi wa mboga. Mfanyakazi apewe jukumu la kupita ndani ya behewa, na jukumu hilo liandikwe kwenye kazi yake kama kufunga milango kulivyoandikwa. Na siku huduma inasimamishwa, kwa wiki au kwa mwaka, mtu atoke nje ya ofisi aseme.

Mama sasa ana miaka zaidi ya 70. Nilimpeleka kupanda ile treni fupi, kwa sababu aliniomba mara nyingi. Alivaa vizuri kama anayekwenda harusini, akabeba bakuli lile lile la enameli, ndani ameweka chapati. Tulipita Kireka, na kabla ya kufika Namboole treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mama alinitazama. Dakika zikapita. Watu wakaanza kuchungulia madirishani.

Kisha mlango wa behewa ukafunguka, akaingia msichana mwenye sare, hata miaka 25 sidhani amefika. Akasema kwa Kiganda, akarudia kwa Kiswahili kilichonyooka: lori limekwama pale reli inapokata barabara, wanalisukuma, tuwe na subira. Akaenda behewa lililofuata. Baada ya muda alirudi. "Bado wanasukuma," alisema.

Mama alimshika mkono. "Wewe mwanangu, umesema vizuri. Kaa, kula chapati." Msichana akacheka, akasema yuko kazini, mama akamfungia moja kwenye karatasi aende nayo.

Treni ilipoanza kutembea mama alifungua mkoba wake akatoa daftari la bluu. Sikujua kwamba alilibeba. Akalifungua kwenye ukurasa ule wenye neno "Kampala", akageuza karatasi moja, akanipa penseli na kunitajia la kuandika, nami nikaandika kama alivyosema:

"Namboole. Dakika 12. Lori limekwama njiani. Ametuambia mara mbili."